Jino Chini ya Reli

Mwaka jana yule dubu wa mbao langoni
alimpima Lempi, akamkataa:
vidole vitatu vilipungua.
Alilia hadi kituo cha tramu,
nami nikimpapasa mgongo, pole, pole,
huku moyoni nikimshukuru dubu.

Majira yote ya baridi alikula uji wa rai bila kusukumwa.
Kila Jumamosi alisimama kwenye mwimo wa mlango wa sauna,
visigino vimebana, kidevu juu:
"Baba, chora."
Nikachora kwa mkaa,
mkono ukitamani kudanganya.
Mtoto hukua. Mkaa haukunisikiliza.

Leo dubu amekubali.
(Ndani ya viatu mna soksi mbilimbili.
Najua. Nimenyamaza.)
Ni saa tatu usiku, na jua la Helsinki
bado limekaa juu ya mapaa
kama mgeni asiyejua kuaga.
Midomo ya Lempi ni zambarau kwa mkate wa mabluberi.
Jino la mbele lacheza; analisukuma kwa ulimi
kama mtu anayejaribu mlango.

"Treni hii inakwenda wapi?"
"Haiendi popote. Inarudi hapa hapa."
"Sasa watu wanalilia nini?"

Mimi ni dereva wa tramu, miaka kumi na minne.
Reli zangu zimelala chali, zina adabu.
Anayevuka na mbwa wake namwona toka mbali,
na breki ninayo, mpini wake
umelika kwa umbo la kiganja changu.
Hapa breki ameishika msichana wa miaka kumi na tisa,
pua imebabuka kwa jua, anatafuna chingamu.
Kifuani kibandiko: SAIMI.
Anasimama nyuma ya viti, hana hata mkanda.
Nikamwuliza, "Kazi hii umeifanya siku nyingi?"
"Tangu Jumanne," akasema,
akaiachia breki.

Mnyororo ukatuvuta, tak, tak, tak,
kama mwenye duka anayehesabu deni lako kwa sauti.
Niliona mnara wa kanisa.
Niliona tramu yangu mwenyewe, ndogo kama kiberiti,
ikikata kona bila mimi.
Kwa mwoga huenda kicheko, husema watu;
nami mwoga, mbona nimefikishwa huku?
"Baba, unaniumiza mkono."

Kisha dunia ikachomolewa chini yetu
kama kitambaa chini ya vyombo.

Sijui nilichosema. Lempi anajua,
na ameahidi hatamwambia mama yake.
Nilisikia mbao zikilalama, upepo ukinipura mashavu,
na ubavuni mwangu sauti ambayo sikuisikia tena
tangu alfajiri ile Hilkka alipojifungua:
sauti moja, ndefu, si kilio, si kicheko,
ya mtu anayefika.

Breki ikapiga kelele. Tukasimama.
Nikafumbua macho.
Lempi amenigeukia, damu kidevuni,
pengo jekundu pale palipokuwa na mlango.
"Limekwenda! Limeruka kwenye kilima cha pili!
Hukuona?"

Sikuona. Sikuona chochote.

Saimi akainama, akachungulia kati ya nguzo:
kofia, sarafu, kiatu kimoja cha mtoto wa watu.
"Kesho nikifagia nitaangalia," akasema,
na nikaona kwamba ataangalia kweli.
Lakini nyumbani kuna glasi ya maji kando ya kitanda,
imeteuliwa tangu wiki jana, inangoja jino,
na kesho, kwa mwenye miaka sita, ni nchi ya mbali.

"Turudi juu," Lempi akasema. "Tukipita polepole..."
"Haipiti polepole."
"Basi wewe angalia kushoto, mimi kulia."

Tukapanga foleni. Nikaketi kushoto.
Nyuma yangu chingamu ikapasuka, pa,
breki ikaachiwa.
Haya, macho yangu.
Leo mna kazi.