Hesabu za Deysi

Deysi Ayquipa, miaka kumi na mitatu,
hesabu za sehemu huzimaliza kabla sijafuta ubao,
kisha hulala.
Shavu juu ya dawati, kalamu bado mkononi.
Mwanzoni nilimgombeza. Mungu anisamehe.

Mwezi wa sita, Lima haina mbingu,
ina blanketi bichi lisilokamuliwa wala kuanikwa.
Ukungu hupanda mlimani kwetu, hupita bila hodi,
hulala kati ya mbao na bati,
hulala kifuani mwa mdogo wake, Jhair,
na usiku kucha kifua hupiga mbinja.
Deysi humshika mgongo mpaka alfajiri.
Usingizi wake, basi, uko kwangu, darasani.

Wakaja watu wa zahanati na sindano zao,
wakatoboa vidole thelathini na vinne.
Tone moja kila mtoto, kama kichwa cha kiberiti.
Deysi akaisoma namba yake kabla ya nesi:
"Tisa nukta moja. Nimefeli?"
Nesi akacheka. Mimi nikatazama nje.
Damu nyepesi, chai ya majani yaliyorudiwa.
Wakampa chupa ya dawa ya chuma
na ushauri: ale ini, dengu, damu ya kuku.
Mama yake akaikunja karatasi ya ushauri mara nne,
akaitia pale anapotia pesa, zikiwapo.

Kwetu maji huja na lori, Jumanne na Ijumaa,
likiweza kupanda.
Dereva akipiga honi, darasa langu hubaki nusu:
mpira wa maji unataka mikono.
Ng'ambo ya kilima, nyuma ya ukuta,
watu huzungusha bomba, basi.
Deysi aliipiga hesabu hiyo pembeni mwa daftari,
bei ya ndoo yetu kwa bei ya ndoo yao.
Akagawanya. Akafuta. Akagawanya tena,
akidhani amekosea.
Mara tisa, na baki.

Agosti nikampeleka kwenye mashindano,
shule moja ya ng'ambo, yenye nyasi.
Mabasi mawili, saa mbili njiani,
kwenda mahali tunapopaona kutoka mlango wa choo chetu.

Swali la saba:
bwawa la kuogelea lina mabomba mawili,
la kwanza hulijaza kwa saa sita, la pili kwa saa tatu.
Yakifunguliwa pamoja, litajaa kwa muda gani?
Deysi hujibu haya huku akipiga miayo.
Alijibu maswali kumi na tisa.
La saba aliliacha wazi, ila pembeni,
kwa mwandiko wake mdogo wa kubania karatasi:
"Bwawa ni la nani, na wanakunywa wangapi?"

Msahihishaji akaweka sifuri, duara safi kabisa.
Akawa wa nne. Medali zilikuwa tatu.

Sikumuuliza. Nilimkuta msalani,
bomba amelifungua, analitazama tu,
kidole kilekile cha sindano kiko chini ya maji.
Akajaza chupa yake. Akajaza yangu.
Akajaza na mbili alizookota kwenye nyasi,
akazifuta kwa sketi kama vyombo vya wageni.

Ngazi za kwetu ni mia mbili na kumi na mbili.
Alipumzika mara tano; nilihesabu.
Mwaka jana zilikuwa mara mbili.
"Lete nikubebee," nikasema.
"Hapana, mwalimu. Ni ya Jhair haya, ya kumfukiza."
Akapanda, midomo rangi ya majivu,
chupa zikigongana mfukoni.

Sasa ni usiku. Nimefungua ripoti za muhula.
Mbele ya kila jina pana nafasi ya neno moja:
hodari, wastani, mvivu.
Nimefika herufi A, na wino unanikaukia.
Ukungu umeshaingia.
Nyumba ya juu, kuna kifua kinapiga mbinja,
na mtu anahesabu, polepole, kwa sauti,
pumzi kwa pumzi.