Kukata Shauri

Difu tatu zimelala sakafuni bandani mwangu
huku Kauhajoki, mwezi wa pili, nyuzi ishirini chini ya sufuri.
Mafuta ya gia yamegoma kutoka chupani,
yananing'inia mdomoni kama asali ya mchoyo.

Ya kwanza ni ya gari lenyewe, Volvo ya sitini na sita:
meno arobaini na moja kwa kumi.
Ilizaliwa kuvuta injini ndogo, na injini hiyo
sasa iko juu ya toroli, imefunikwa blanketi
mithili ya mgonjwa aliyeambiwa ukweli.
Mpya ina turbo.
"Ukiiunga na meno haya," akasema Veijo,
"utaingiza gia ya nne hujatoka getini."

Ya pili ni ndefu: arobaini na tatu kwa kumi na tatu.
Veijo anaipenda. Anapenda kila kiendacho mbali bila kuchoka,
yeye ambaye hajavuka Tampere tangu mkewe aondoke.

Ya tatu niliinunua kwa kuni, matela mawili.
Mkulima alikuwa ameiegemeza kwenye mlango wa zizi
ili upepo usiubamize.
Nje kutu. Nikafungua kifuniko: meno yakanichekea.
Nikatia chaki kwenye shingo, nikazungusha magurudumu yote mawili
mzunguko mmoja, nikahesabu:
tatu, na nusu, na bado kidogo.

Usiku sikulala. Si kwa hesabu, hesabu ni nyepesi.
Difu haikuulizi unatamani kwenda kasi gani.
Inauliza unakwenda kasi gani.

Basi wiki nzima nikaweka daftari kwenye gari la kazi,
nikaandika bila kujipendelea.
Kiwandani: hamsini na tano, barafu.
Dukani: arobaini.
Kwa dada Kyllikki: sabini, themanini pale penye mnyoofu,
kisha sabini tena.
Mia na ishirini: hakuna.
Miaka kumi na tisa nawaambia watu mimi ni dereva wa kasi.

Jumamosi Veijo akaja na mkate wa rai,
akalisoma daftari amesimama, akacheka mpaka akakohoa,
halafu akanyamaza muda mrefu kuliko alivyocheka.
"Basi hii ya zizini," akasema.

Lakini ni pana. Tairi zitachungulia nje ya bodi
kama viwiko vya mtu aliyerithi koti la mdogo wake.
Lazima ikatwe kila upande, shafti zifupishwe, ichomelewe upya.
Kuchomelea ndio ugali wangu; hilo silihofu.

Wanasema kukata shauri ni kugumu.
Shauri hukatwa kwa ulimi, na ulimi hauna vumbi la chuma.
Veijo alishika tochi. Nilipima mara tatu, nikachora mstari,
nikaweka msumeno juu yake,
nikaitazama ile ndefu pale ukutani,
safi, haina kosa lolote,
nikavuta.