Bahasha ya Arubaini na Moja

Nilimwambia kweli, na kweli ilimchekesha.
"Busha lako, Ngonyo, lina njia mbili.
Ya kwanza, nakikata kifuko nakitupa.
Ya pili, nakipindua ndani nje, kama soksi,
nakishona, nakiacha humo humo.
Ipi bora, sijui."

Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dari.
"Miaka saba kusoma, na hujui?"
"Kumi na tatu," nikasema. "Ndiyo maana nauliza."

Chumba cha nyuma, hospitali ya Malindi,
feni inayougua kuliko wagonjwa,
bahasha themanini za kaki
zilizofungwa na mtu nisiyemjua
ili mkono wangu usipendelee;
maana mkono wa mpasuaji una kiburi,
hupenda njia uliyoizoea
kisha huiita njia hiyo elimu.

Walikuja wa Ganda, wa Jilore, wa Kakuyuni,
vikoi viwili viwili katika joto lile.
Wengine walipoona daktari ni mwanamke
waligeukia mlangoni. Nikaandika: *alikataa*.
Aibu nayo ina safu yake.

Kila mmoja alileta chanzo chake.
Madafu. Baiskeli. Gunia la mkaa la ujanani.
Jicho la shemeji.
Muuguzi wangu, Tunu, hakucheka hata mara moja.
Aliandika yote, kisha akawaomba warudi saa sita za usiku,
kwa kuwa kijidudu cha matende
mchana hujificha, usiku hutoka kutembea damuni.
Tone la kidole. Kioo. Taa.
"Huyu hapa, anacheza," Tunu akasema.
Ngonyo akainamia darubini, akakaa kimya mno.
"Na aliyemleta?"
"Mbu."
"Miaka kumi na moja," akasema,
"nimewanyima watoto madafu."

Tunu alifungua bahasha nikiwa nimeshanawa.
*Pindua.*
Niseme tu: nilitaka kukata.
Kifuko kinene kama ngozi ya ngoma,
maji lita mbili na nusu, rangi ya chai ya mkandaa,
na kila kidole changu kinasema kata, kata.
Nikapindua.
Karatasi ilisema hivyo,
nami nilishamwambia sijui.

Wiki: kidonda safi.
Mwezi: safi.
Miezi sita: safi, anauliza kuhusu kazi.
Mwaka: hakuja.

Na mwaka ndio swali lenyewe.
Mgonjwa asiyerudi ni tundu kwenye chandarua,
hapo ndipo uongo unapopenyea
ukavuma sikioni mwa aliyelala akijiona salama.
Simu yake imezimwa.
Nikapanda bodaboda hadi Ganda
na fomu, na futi ya fundi cherehani,
nimejiandaa kwa mawili:
kaburi,
au busha limerudi na mwenyewe kajifungia ndani.

Mkewe alikuwa uani akichambua kunde.
"Yupo?"
"Yupo." Hakuinua kichwa. Aliinua kidole,
juu,
juu zaidi,
mpaka nikaona nyayo mbili kavu
zimekaa kwenye vidato vya mnazi,
na kotama kiunoni inameta.

Nilikumbuka fomu yake: *Kazi: mgema, zamani.*
"Daktari!" sauti ikashuka. "Siku yako iligongana na tembo!"
"Shuka nikupime!"
"Ngoja nimalize huu!"

Nikangoja. Nikapewa dafu, nikanywa
mbele ya watoto wanne walionitazama
kana kwamba wanasubiri nivimbe.
Kisha nyuma ya nyumba, futi, kalamu:
*halijarudi*.

Mmoja. Mmoja hasemi kitu.
Najua hesabu, nimeifundisha wengine.
Lakini njiani, vumbi usoni,
mkono wangu ulikuwa umeanza kuipenda ile njia ya pili,
na ilinibidi niukaripie kama mtoto.

Kesho yake, bahasha ya sabini na tisa.
Kijana wa Muyeye, kikoi juu ya kikoi.
"Ipi bora?" akauliza.

Nilivuta pumzi kabla ya kumjibu.