Kibubu

Kazi yangu ni kuandika vijikadi.
Jumamosi ya mnada, kabla mlango haujafunguliwa,
nakaa nyuma ya ghala la Hostetler, mjini Zanesville, Ohio,
nimevaa koti, maana jiko la gesi limekufa tangu Krismasi.
Meza ya kwanza ina vijiko vya fedha na saa za ukutani.
Meza ya pili watu huizunguka
wakijifanya wanatafuta kitu kingine.

Mzee Hostetler ndiye aliyenifunza lugha ya kadi:
usiseme baya, sema adimu;
usiseme tusi, sema la zama zake.

Basi nikaandika.

Namba 41. Mwanasesere wa kitambaa.
Vichwa viwili, miguu hana.
Huku binti mweupe, nywele za sufi ya manjano;
mpindue, gauni linamfunika,
anaibuka mweusi wa kilemba, macho ya vifungo.
Kiuno kimoja, na hawajaonana hata siku moja:
huyu akiota jua, yule yu gizani, kichwa chini.
Mishono midogo, ya mkono hodari.
Mshonaji hajulikani.

Namba 42. Ubao wa kurushia mipira.
Uso wa mtoto; kinywa ndicho shabaha.
Mipira mitatu. Mmoja umepotea.

Namba 43. Kibubu cha chuma, kichwa na mabega.
Weusi wa lami, midomo imepakwa hadi mashavuni.
Weka senti kiganjani, bonyeza bega la kushoto,
mkono unapanda, senti inamezwa,
macho yanageuka juu
kama ya mtu anayeshukuru, au anayekata roho.
Hilo la mwisho sikuliandika.
Niliandika: Kinafanya kazi.

Kibubu. Kinywa chote kile,
na hakikupewa hata neno.

Verlene Tubbs, mstaafu wa posta,
alikaa safu ya tatu na kofia yake ya zambarau.
Arobaini na moja, akainua kidole. Arobaini na mbili, vivyo hivyo.
Kwenye kibubu akapata mshindani, bwana wa Columbus,
akitaka kukiweka kaunta ya baa yake, wateja wacheke.
Mia mbili. Mia tatu. Mia tatu na hamsini.
Yule bwana alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akakaa.

Nikaanza kumfungia kwa magazeti. "Ngoja," akasema,
akatoa bisibisi mkobani.
Mwanamke alikuja mnadani na bisibisi.
Akakipindua, akalegeza parafujo ya kitako,
senti zikamwagika, kijani kwa kutu,
akazihesabu kwa sauti ya dirishani posta.
"Dola moja na senti kumi na saba.
Miaka mia na kumi wamemlisha,
utajiri wake wote ndio huu,
na bado wakamchora mlafi."

Katikati ya senti palikuwa na jino.
Jino la utoto, kama punje ya mchele.
Mtoto fulani wa nyumba ile alimlisha jino lake.
Labda alimwogopa. Labda alimpenda.
Sijui lipi linanisisimua mwili zaidi.

Nikamuuliza anavipeleka wapi.
"Chini ya nyumba nina rafu. Vimefika mia na sita.
Roscoe wangu hakushuka huko hadi anazikwa."
Na kwa nini asivitie moto?
"Chuma hakiungui, mwanangu.
Na hivyo vinavyoungua, nikivichoma leo,
kesho mtaniambia havikuwapo."

Akabeba vyote vitatu, kibubu kwapani
kama mtu abebavyo mtoto wa jirani aliyelala.
Jino akaniachia kiganjani.
"Hili si lake. Warudishie wenyewe."

Wenyewe wameuza nyumba, wamehamia Arizona,
simu inaita tu.
Jino limo mfukoni mwa koti hili, pamoja na kadi.
Nimeandika Namba 44.
Nimeandika Hali: nzuri.
Hapo nimekwama.