Swali la Mwisho

Viti arobaini, tulikaa watu kumi na saba.
Upepo wa Dodoma ukausukuma mlango
kama mgeni asiye na kadi.

Mpiga picha alieleza mwanga:
Bahi, saa kumi jioni, mwaka wa njaa,
binti na debe kichwani, shavu moja linang'aa.
"Mwanga wa asili," alisema. "Nilingoja tu."
Tukaandika. Tukatikisa vichwa.

Swali la mwisho lilitoka safu ya nyuma.
Mama Ndalu Chilongola, viatu mkononi,
alivivua mlangoni, sakafu inang'aa mno.

"Huyo ni mdogo wangu, Nyemo.
Mimi simo.
Nilisimama kushoto kwako, mwanangu, umesahau?
Ulinituma shuka langu jeupe, nilielekeze juani,
juu kidogo, shusha, hapo hapo,
hadi mikono ikafa ganzi
na mbuzi wakaumaliza mtama niliouanika."

Kikombe cha mtu kiligonga sahani.

Mimi ndiye ninayebandika vibao vya majina.
Usiku nilirudi na rula,
nikapima kushoto kwa fremu, ukutani patupu,
nikabandika:
*Ndalu Chilongola. Shuka.*

Asubuhi meneja akauliza, picha yake iko wapi?
Nikamwonyesha lile shavu.