Risasi Alibaki Nazo

Kwetu mali ya mume haimfuati mwana, humfuata mpwa.
Ndivyo bunduki ya marisau ilivyotoka ukutani Katuba
ikaja kwangu, imeviringwa shuka la hospitali.
Donasiani, mwana wa marehemu, aliileta mwenyewe
kwa baiskeli, bila neno.
Risasi alibaki nazo.
“Hizo,” alisema, “nilinunua mimi.”

Basi tumekwenda wawili, mmoja na mtutu, mmoja na mfuko,
alfajiri ya Julai, baridi ya Lubumbashi ikikata masikio,
njia ya Kasenga, moshi wa makala umelala bondeni.
Mjomba Kaumba alihesabu vichuguu:
kwenye cha tano, zima sigara;
kwenye cha saba, lala kifudifudi.
Tukahesabu. Cha tano kimeliwa na wapiga matofali.
Cha saba kiko nyuma ya seng’enge, na mlinzi,
na kibao cha kampuni isiyojua hata jina la kijito.

Tukazunguka.

Kitako kimekazwa kwa waya wa shaba,
shaba ya kiwandani, iliyopita getini ndani ya soksi
mwaka ule mishahara ilipokatika.
Upande mmoja mbao imelainika: shavu lake,
miaka thelathini ya jasho na ugoro.
Mimi ni wa mashoto.
Shavu langu linaangukia upande usiomjua mtu.

Kanga wakachomoka kwenye majani yaliyoungua.
Donasiani akanipa risasi. Moja.
Nikalenga. Bega likapigwa teke,
mlio ukaenda hadi kwa mlinzi ukarudi,
na unyoya wa madoadoa ukashuka bila haraka.
Unyoya tu.

Donasiani akacheka. Tangu matanga sijamsikia.
“Baba naye,” akasema, akifuta macho,
“alikosa hivyo hivyo. Unafikiri zile nyama…?”
Nikampa ashike. Shavu likaingia mahali pake
kama kifuniko cha sufuria.
Hatukulizungumza hilo.

Jioni, nyumbani, Leontina ameshasonga bukari.
Tukapitia sokoni. Donasiani anaijua meza.
Mama muuzaji akatazama bunduki, akatutazama,
akachagua kanga mnene, akamkata shingo vizuri,
kisha akainamisha kopo la maziwa:
marisau matatu yakaviringika kiganjani.
“Niyatie ndani,” akauliza, “kama ya mzee?”