Taa ya Kumi na Mbili

Mume wangu Tauno si mtu wa maneno.
Jumamosi aliamka kabla ya kahawa,
akapima ua kwa kamba ya kufungia maboksi,
akachomeka vijiti kumi na kimoja
kuanzia ngazi ya nyuma hadi mlango wa sauna.
"Jalidi haijashika," akasema. "Ni leo au Mei."
Hiyo, kwake, ni hotuba.

Mimi nilikaa barazani, blanketi magotini.
Macho yangu yamelika katikati kama shuka kuukuu:
nikimtazama usoni, hayupo;
nikiutazama mtufaha, ndipo namwona kando,
kofia nyekundu ya sufu, mgongo ulioinama,
sepeto likipanda na kushuka.
Nimejifunza kumpenda kwa pembe ya jicho.

Penye mizizi ya mtufaha aliweka sepeto chini
akachimba kwa vidole,
kama daktari atafutaye mshipa.
Alifukua kijiko, kigae cha bluu,
na waya mweusi wa mtu aliyetutangulia,
umekatwa huku, umekatwa kule,
hauleti kitu wala haupeleki.
Aliushika muda mrefu.
Kisha akauviringisha vizuri, akautia mfukoni,
kana kwamba mwenyewe atarudi kuuliza.

Alinieleza voti. Voti kumi na mbili, alisema,
hata ukiushika waya kwa mkono wenye maji haung'ati.
Alinieleza transfoma, akanieleza vifuniko vya mpira,
na jinsi maji yanavyopenda kiungo kilicholegea.
Nilisikiliza. Baada ya miaka thelathini na minane
najua mtu huyu anapotaja kebo
kuna jingine analolifukia.

Pirkko wa jirani alikuja na mkate, moto bado,
akauliza kama tunajenga uwanja wa ndege.
Tauno hakucheka. "Zinatazama chini," akasema.
Na kweli, kila taa aliivika kofia
mwanga umwagike miguuni tu,
usimkere kalunguyeye chini ya rasiberi
wala usimwibie Pirkko nyota zake.

Saa kumi na moja giza lilikuwa limetanda.
Akabonyeza swichi. Kimya.
Akatukana kwa lahaja ya kwao, ya Savo,
ambayo huitoa kwa misumari na serikali tu.
Akapiga magoti, bisibisi mdomoni,
akakuta nyaya mbili zimekumbatiana vibaya,
akazitenganisha.
Ndipo njia ikaja.

Niligeuza uso pembeni nipate kuhesabu:
moja, ngazi; mbili, pipa la mvua;
ya tano mtufaha, na shina lake nililoliona
kwa mara ya kwanza tangu kiangazi;
ya kumi, rundo la kuni; kumi na moja, mlango.
Na moja zaidi.
Nje ya mstari, kushoto, pasipo njia,
taa fupi imesimama kombo
ikimulika nyasi tupu.

Sikuwahi kumwambia nilipoanguka mwezi wa pili.
Nilisema, "Niliteleza kidogo."
Nililala pale dakika arobaini
nikiita jina lake, naye ndani,
redio ikimsomea hali ya hewa ya baharini,
sisi tusio na bahari.
Nikajiinua, nikapangusa koti, nikamenya viazi.
Sikumwambia. Theluji ndiyo iliyomwambia:
umbo la mtu, goti, kiwiko,
michirizi ya vidole vikitafuta cha kushika.
Lazima aliliona asubuhi alipofuata kuni.
Miezi minane hakutamka neno.

"Ile moja imekaa upande," nikamwambia.
"Ardhi ya pale ngumu," akajibu,
akiokota vipande vya waya gizani na nuruni.
"Nitainyoosha Mei."

"Iache," nikasema.
"Hata mimi sikuanguka nikiwa nimenyooka."

Akakohoa.
Akaenda kuwasha moto wa sauna.